Mpishi wa Plamu Zilizoanguka

Plamu haimngoji mtu. Ukiichuma leo ikiwa ngumu, keshokutwa imelegea, na siku ya nne inatoa maji kama jicho bovu. Katika nyumba moja ya mtaa wa Karen, Nairobi, yenye miti kumi na mmoja ya plamu nyuma ya jiko, Januari nzima ilikuwa mbio. Nzuri ziliwekwa kwenye bakuli la mezani, wageni wazile. Zilizoanguka, zilizodonolewa na ndege, zilizopasuka na kuanza kunukia pombe, hizo zilijazwa kwenye madebe na kuletwa varanda ya nyuma, kwa Shem Ogutu.

Na Shem, jamani, mikono yake ilikuwa na akili. Alikata penye uozo bila kupoteza nyama nzima hata kidogo. Alitoa kokwa. Kisha aliongeza plamu mbichi chache za kijani, kwa sababu iliyochoka peke yake haigandi hata uichemshe mpaka keshokutwa. Mbegu za limau alizifunga kwenye kitambaa safi na kuzitumbukiza sufuriani. Kujua kama jamu imekuwa, alidondosha tone moja kwenye kisahani baridi, akalisukuma kwa kidole. Likikunjamana kama utando wa maziwa, alitoa sufuria motoni. Kile kidole alikifuta kwa taulo. Hakukilamba hata siku moja, na hiyo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuwapa.

Alifika nyumba ile mwaka wa 1954 akitoka Gem, kwao Ujaluoni, mtu mzima wa miaka arobaini, wakati wapishi wengi wa Nairobi walipokuwa wamekamatwa na serikali ya mkoloni, na kazi zikawa zinamtafuta mtu badala ya mtu kuzitafuta. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Holcroft, mjane wa Kizungu aliyesikia kuliko mbwa wake. Msimu wa kwanza wa plamu alimweka Shem varandani na madebe manne, akaingia ndani na kufuma kwake, dirisha wazi. Baada ya dakika kumi akatoka.

"Shem. Wewe piga mluzi."

"Mluzi, Memsab?"

"Piga mluzi, kata plamu. Mimi nasikia mluzi, mimi najua mdomo hapana kula."

Shem alimtazama. Alikuwa mtu wa kanisa, na kule kwao mvulana ndiye aliyepiga mluzi, akichunga mbuzi. Tena alikuwa hana meno sita ya chini, yale waliyong'olewa wavulana wa Kijaluo wa rika lake, kwa hiyo ilimchukua asubuhi nzima kupata sauti. Alipoipata, akapiga nyimbo za kanisa, mmoja baada ya mwingine. Akinyamaza kumeza mate, sauti ilitoka dirishani: "Shem!"

Mwingine angekula usiku. Mwingine angekula porini. Shem alifanya jambo gumu zaidi: siku hiyo hiyo aliapa moyoni kwamba hataonja plamu ya nyumba ile mpaka anaondoka, mbichi wala iliyopikwa, ili mwanamke yule akae akitega sikio maisha yake yote asipate kitu. Hicho ndicho kilikuwa kiburi chake. Alikivaa kama wengine wanavyovaa saa.

Mkewe, Peres, alipokuja kukaa naye kwenye chumba cha watumishi nyuma ya banda la gari, alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Nashon, umekuwa ndege ya Mzungu?" Nashon alikuwa mtoto wao wa kwanza na wa mwisho. Hakufika hata kutambaa. Jina ndilo lililobaki, wakaitana kwalo.

Uhuru ukaja. Bibi Holcroft alivumilia misimu mitatu, kisha mwaka wa 1966 akauza nyumba akaenda zake. Mnunuzi alikuwa Bwana Makau, afisa wa serikali, na mkewe Annah, mwalimu wa zamani kutoka Machakos, mama mpole, mwenye sauti ya kusomea Biblia. Alimsalimu Shem kwa mikono miwili akamwita Mzee. Jioni hiyo Shem alimwambia Peres, "Sasa ni watu wetu. Mdomo umepata uhuru."

Januari iliyofuata aliketi varandani na debe la kwanza, kisu mkononi, kimya. Kimya kitamu. Hata ndege waliokuwa mitini aliwasikia. Annah akatoka polepole na khanga mabegani.

"Mzee Ogutu, mbona leo kimya?"

"Nafanya kazi, Mama."

"Yule Bibi aliniambia kitu wakati wa kunipa funguo. Aliniambia, huyu mpishi akinyamaza, anakula." Akacheka kidogo, kwa haya. "Mimi sikuamini. Mzee kama wewe! Lakini sasa, nikikaa pale ndani na hakuna sauti, hiyo maneno inanirudia. Tafadhali, Mzee. Piga tu, ili nisikuwazie vibaya."

Bibi Holcroft aliamuru. Huyu aliomba, na akasema tafadhali. Shem alikaza midomo, akapiga.

Jamu ya plamu zile ilimfikisha Annah mahali ambapo cheo cha mumewe peke yake kisingemfikisha. Wake za wakubwa walipokea chupa zenye karatasi aliyoandika kwa mkono wake, "Kutoka jiko la Bi. Annah Makau." Walimuuliza siri yake. Aliwaambia ni limau.

Mwaka wa 1970 Peres akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, akakonda, na hospitali kubwa ya mjini ikasema ni sukari. Akapewa dawa ya kudungwa kila asubuhi, chupa ndogo kama ya wino. Muuguzi alimweleza Shem kwa kidole: "Hii ikae baridi. Kwa joto inakufa. Na ikifa, huwezi kujua kwa macho. Inabaki maji tu, unamdunga mtu maji."

Baridi ya kila siku ilikuwa mahali pamoja tu, jikoni kwa Annah. Shem alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Weka, Mzee," Annah alisema. "Pale chini, nyuma ya maziwa. Si sisi ni Wakristo?"

Basi tangu siku hiyo uhai wa Peres ulikaa kwenye friji ya watu. Kila alfajiri Shem aliingia jikoni, akatoa chupa, akachemsha sindano ya kioo kwenye sufuria ndogo, akamdunga mkewe, akairudisha chupa mahali pake. Peres akanenepa tena. Akarudi kwenye kuimba kanisani. Shem alijua vizuri, hakuhitaji kuambiwa: kazi ikienda, friji imekwenda, friji ikienda, Peres amekwenda.

Sasa sikilizeni. Wakati wa mvua za Novemba 1972 meno mawili ya mbele, ya juu, yalimlegea, na kabla ya Krismasi yakatoka yote mawili, moja kwenye muwa, jingine kwenye usingizi. Chini hakuna, juu hakuna. Alijaribu mluzi ndani ya banda la kuku. Ikatoka pumzi. Akajaribu kwa ulimi, kwa vidole, kwa shavu moja. Pumzi.

Aliyemkuta huko ni Kilonzo, mtu wa bustani, kijana wa Kitui wa miaka thelathini hivi, maneno mengi kuliko majani aliyofagia. Huyu plamu alizila juu ya mti, mchana, kokwa akizitema upande wa pili wa ua. Bustanini hakukuwa na mtu wa kusikiliza mdomo.

"Omera," Kilonzo alisema, akimwita ndugu kwa Kijaluo, "hiyo ni mluzi ama ni pancha?"

"Toka hapa."

"Nitatoka, lakini plamu zinaanza kuanguka wiki hii. Mama akikaa kwa dirisha asikie fffff, atafikiria ameweka nyoka jikoni."

Shem akaketi juu ya debe lililogeuzwa. Kilonzo alipoona uso wake aliacha kucheka. Alichuchumaa.

"Mzee, kwani ukimwambia tu meno imetoka?"

"Nimwambie nini? Ya kwamba sasa nanyamaza? Kwake kunyamaza ni kula."

"Basi mimi nitakuwa mdomo yako. Nitamwagilia sukuma wiki hapo nyuma ya ukuta wa varanda. Wewe kata, mimi nipige. Nyimbo za kanisa si nazijua? Kila Jumapili si zinaimbwa kwa redio?"

Shem hakuwa amewahi kudanganya katika nyumba ile. Alifikiria chupa nyuma ya maziwa. Akaitikia kwa kichwa, bila kumtazama Kilonzo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Annah aliketi mezani chumba cha kulia akiandika karatasi za chupa, dirisha wazi, na kutoka varandani mluzi ulikuja safi kuliko miaka yote. Shem alikata plamu akiwa ameinamisha kichwa, jasho likimtoka licha ya baridi ya asubuhi.

Siku ya tatu ilikuwa siku nzuri mno. Jua limetoka, maji yanamwagika kwenye sukuma, na Kilonzo amekula plamu nane tangu kuamka. Alipiga wimbo wa kanisa, akapiga wa pili, na katikati ya wa tatu akajisahau. Mluzi uliteleza ukaingia kwenye ngoma ya kwao, ile ya vijana wa Ukambani wanaporuka, yenye kupanda ghafla na kukatika katikati kama mtu aliyeshikwa kiuno. Hakujua kama amebadilisha. Miguu yake ilijua, ikaanza.

Ndani, Annah aliweka kalamu chini. Kabla hajawa Bi. Makau, kabla ya ualimu, alikuwa msichana aliyeicheza ngoma ile mpaka vumbi likamfika kifuani. Kidole chake cha mguu kiligonga sakafu mara mbili. Akatabasamu peke yake. Kisha tabasamu likasimama, kwa sababu Mjaluo mzee wa kanisa, hata aishi na Wakamba miaka mia, hawezi kukupata kule kupanda na kukatika.

Akatoka varandani bila viatu.

Shem aliinua macho akamwona. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Na nyuma ya ukuta mluzi uliendelea, mzuri, wa furaha, ukaruka, ukakatika, ukaruka tena. Walitazamana hivyo, mama mwenye nyumba na mpishi wake, mpaka wimbo ukaisha na Kilonzo akajipigia makofi mwenyewe.

"Fungua mdomo, Mzee."

"Mama..."

"Fungua."

Mtu wa miaka hamsini na tisa alifungua mdomo. Annah aliinama akaangalia, kama anavyoangaliwa ng'ombe Dagoretti kabla hajaingizwa machinjioni. Aliona ulimi, ufizi na matundu. Plamu hakuna. Hata rangi yake hakuna.

"Ni siku tatu tu, Mama," Shem alisema. "Meno ilitoka. Sijakula. Tangu Bibi Holcroft sijakula hata moja. Miaka kumi na tisa."

"Na mimi sisemi umekula." Sauti yake ilikuwa laini vilevile. "Nimeona mwenyewe, hakuna kitu. Lakini kesho? Nitajuaje? Kila siku nitoke hapa nikuambie ufungue mdomo? Hiyo ni kukuvunjia heshima, Mzee. Mtu mzima kama wewe. Afadhali mwezi uishe, uende upumzike."

"Mama, dawa ya Peres."

Annah alitazama upande wa jiko. Alikuwa si mtu asiye na huruma. Ndiyo maana aliyasema yale maneno bila kumtazama. "Hiyo friji ni ya watu wa nyumba. Mpishi mpya atakuwa na vitu zake."

Mpishi mpya alipatikana siku hiyo hiyo. Alikuwa nyuma ya ukuta, mpira wa maji mkononi, na mluzi wake Annah alikuwa ameusikia.

Wiki tatu zilizobaki Shem alimfundisha Kilonzo jamu. Hakumficha kitu: mbegu za limau, plamu za kijani, kisahani baridi, yote. Kilonzo alipiga mluzi, akitaka kula alitupa macho dirishani, akameza haraka, akaendelea palepale alipoachia. Ilikuwa rahisi hivyo. Miaka yote hiyo ilikuwa rahisi hivyo.

"Usininunie, Mzee," alisema siku ya mwisho, Shem akifunga sanduku lake kwa kamba. "Ningekataa, angeleta mtu mwingine."

"Sijakununia."

"Basi sikia. Acha hiyo chupa. Nitaificha pale pale, nyuma ya maziwa. Mama hainami huko chini, mgongo inamuuma. Kila asubuhi mimi naitoa kwa ua ya nyuma, Mama Nashon anadungwa, nairudisha. Nani atajua?"

Shem alisimama na ile chupa mkononi, imefungwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Ninawaambia ukweli, aliifikiria. Aliifikiria kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Halafu kile kiburi chake cha 1954 kikainuka.

"Sitaweka kitu ya wizi kwa friji ya mtu," akasema. "Miaka kumi na tisa hakuna mtu amenishika na kitu. Sitaanza leo."

"Si wizi, ni dawa!"

"Kaa na plamu zako."

Peres alikuwa barabarani akingoja na mzigo kichwani. Hakusikia maneno hayo, na Shem hakumwambia. Siku hiyo wala baadaye.

Walipata chumba Dagoretti Corner, nyuma ya duka la magunia, mabati juu na mabati ubavuni. Wa kanisani walipomuuliza, Shem alisema amepewa likizo ndefu na tajiri yake. Chupa aliiweka kwenye mkebe wa maji chini ya kitanda, akabadilisha maji asubuhi na jioni. Lakini ilikuwa Februari, halafu Machi, na jua la Nairobi miezi hiyo hulala juu ya mabati mchana kutwa. Saa nane maji ya mkebe yalikuwa vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Aliulizia maduka ya nyama kama wana nafasi kwenye sanduku la barafu. Mmoja alimwambia, "Mzee, hapa tunaweka maini. Ukitaka kuweka mke, nenda mochari." Watu walicheka. Hakuuliza tena.

Peres alianza kunywa maji. Alianza kuamka kila saa kwenda nje. Macho yakaingia ukungu. Kila asubuhi Shem alimdunga, na kila asubuhi Peres alisema asante.

Mwisho wa Machi walikwenda kliniki mjini. Benchi lilikuwa limejaa, na kwenye benchi hilo aliketi Milcah, mke wa mzee mwenzake wa kanisa, amekuja kwa presha yake. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Jina la Peres likaitwa. Muuguzi, mwanamke mnene aliyechoka tangu asubuhi, alisoma karatasi ya mkojo akaitupa mezani.

"Sukari imejaa mpaka juu. Dawa mnaweka wapi?"

Shem alihisi macho ya Milcah mgongoni.

"Friji, Sista."

"Friji ya wapi?"

"Ya kazini. Karen."

"Basi dawa ni nzima. Shida ni mdomo." Akageuza kadi. "Hapa imeandikwa bwana ni mpishi. Unapika nini huko?"

"Kila kitu."

"Jamu?"

"Na jamu."

Muuguzi akafungua mikono miwili, akiwaonyesha watu wote wa benchi. "Mmesikia? Bwana anapika jamu, bibi analamba sufuria, halafu wanakuja kunisumbua mimi! Mama, huo mdomo wako ndio unakuua."

Benchi likacheka. Peres alishika ukingo wa meza. Alikuwa haoni vizuri ni wapi pa kumtazama mtu.

"Sijala, Sista. Jamu sijawahi kuonja."

"Wote husema hivyo."

"Baba Nashon," Peres alisema, akigeuka upande aliodhani yupo, "si umwambie?"

Neno lilikuwa moja tu: Dagoretti. Angelisema, muuguzi angeuliza, mlihamia lini, na kwa nini, na Milcah angesikia kwamba Mzee Ogutu amefukuzwa Karen kwa ajili ya plamu zilizooza. Jumapili kanisa lote lingekuwa nalo. Angeweza kueleza meno, mluzi, ukuta. Nani angemwamini? Yeye mwenyewe, angekuwa kwenye benchi, asingeamini. Shem aliangalia kofia yake.

"Siwezi kuongeza dawa kwa mtu anayekula utamu," muuguzi alisema, akiandika. "Nitamuua mimi. Acha kwanza hiyo jamu, urudi baada ya wiki mbili. Na chupa mnayo bado, kadi inaonyesha haijaisha. Mwingine!"

Nje, kwenye ngazi, Peres alisimama kupumua.

"Baba Nashon, mimi nilikula nini?"

"Hukula kitu."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Shem alimfunga khanga vizuri mabegani. "Amesema turudi baada ya wiki mbili," alijibu.

Peres hakuzimaliza hizo wiki mbili. Siku ya tisa alilala mchana, akapumua kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima, na jioni akaacha. Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, alikuwa amedungwa.

Watu wa kanisa walijaa kile chumba cha mabati, wakakaa mpaka nje kwenye magunia. Milcah alisimama kusema machache juu ya marehemu. Alilia kweli, kwa sababu alimpenda. Alisema Peres alikuwa na sauti nzuri, na moyo mzuri, na mkono wa kutoa.

"Ni mdomo tu, maskini," alisema, akijifuta macho. "Alipenda vitu vitamu. Hata daktari alimkanya, mimi nilikuwepo nikasikia. Hakuweza kujizuia."

Akina mama wakaguna kwa huruma. Wazee wakatikisa vichwa, na mmoja wao, aliyekaa karibu na mwenye msiba, akamwekea mkono begani na kumwambia asijilaumu, mke hachungwi kama mtoto.

"Ni kweli," Shem akasema.